Kisanduku cha "jambo lolote": uchambuzi wa kisa cha mwombaji kazi mmoja, Tanga

Kuhusu kisa hiki

Mwenye kisa ameridhia kiandikwe. Jina lake, mtaa anaoishi, kampuni aliyoomba kazi na mambo kadhaa ya kifamilia nimeyaondoa au kuyageuza ili asitambulike. Humu namwita Bi. M. Aliniletea karatasi zake mambo yote yakiwa yamekwisha: rasimu za majibu, nakala ya fomu iliyopelekwa, na daftari alimoandika maswali ya usaili usiku uleule, kabla hayajamtoka kichwani. Wakati anajaza fomu hatukuwa tukijuana. Mimi nimefanya kazi ya utumishi kwa muda mrefu, upande wa wanaosoma fomu na kuzigawa mafungu mawili, la kuitwa na la kuachwa, na ndiyo sababu akaja kuniuliza: "Mzee, pale nilipatia wapi na niliteleza wapi?"

Kisa kinahusu aina moja ya swali, lile la binafsi lisilo na mipaka. Swali la "una cheti gani" halimsumbui mtu. Linalomsumbua ni lile linalosema "tueleze kuhusu maisha yako" halafu likaacha nafasi ya mistari mitatu.

Mazingira

Kwa miaka mingi aliyetafuta kazi ya mshahara Tanga alikuwa na milango michache: mashamba ya mkonge, saruji ya Pongwe, reli, serikali na bandari. Bandari yenyewe ilikuwa imepoa. Lango lilikuwa na kina cha mita 3, kwa hiyo meli zilitia nanga nje na mzigo ukaletwa kwa matishari. Lango lilipochimbwa hadi mita 13 na gati la mita 450 likajengwa, meli zikaanza kufunga gatini. Upande wa Chongoleani nako ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Mambo hayo mawili yamevuta mawakala wa forodha, wenye malori, wenye maghala na wakandarasi wadogo, na wote wanatafuta watu.

Kampuni ya namna hiyo huanza na meza mbili. Ikifikisha watu arobaini bado haina ofisi ya utumishi inayoeleweka. Fomu ya maombi ya kazi mtu anaipata kwa rafiki yake wa kampuni nyingine, anafuta nembo, anaongeza maswali yake mawili matatu, basi. Hapo ndipo maswali ya ajabu yanapozaliwa. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma linaweza kukuchosha kwa urefu, lakini linakuambia linachotaka: raia wa Tanzania, umri usiozidi miaka 45, nakala ya cheti cha kuzaliwa, wadhamini watatu. Unazo sifa au huna. Fomu ya kampuni changa haikuambii hivyo. Inakuuliza kama rafiki, halafu inakupima kama hakimu.

Bi. M. ana miaka thelathini na kitu na stashahada ya ununuzi na ugavi. Alikuwa stoo kipa katika ghala moja la vifaa vya ujenzi, kazi aliyoiacha kwa hiari mama yake alipopata kiharusi. Alikaa nyumbani zaidi ya miaka miwili. Katika kipindi hicho ndoa yake ilivunjika, akawa anatunza leja ya duka la familia, na akachaguliwa mweka hazina wa kikoba cha mtaani, kikundi cha kuweka na kukopa fedha. Kikoba hicho kiliwahi kupishana hesabu. Wanachama wawili walikimbilia polisi, naye akaitwa kutoa maelezo. Alikwenda na madaftari yake, hesabu zikasomeka, akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hakuna aliyeshtakiwa.

Kazi aliyoomba ilikuwa ya kupokea mzigo kwenye ghala la kampuni ya usafirishaji, si mbali na bandari.

Maswali yenyewe

Ukurasa wa kwanza wa fomu ulikuwa wa kawaida: jina, namba ya kitambulisho cha taifa, elimu, kazi za nyuma. Ukurasa wa pili ulikuwa na visanduku vitano:

1. Eleza hali yako ya kifamilia.
2. Je, kuna jambo lolote katika maisha yako ambalo kampuni inapaswa kulifahamu?
3. Je, umewahi kupata matatizo na mamlaka yoyote?
4. Kwa nini uliacha kazi yako ya mwisho?
5. Wewe ni mtu wa namna gani?

Chini yake palikuwa na maneno ya kuthibitisha kwamba yote yaliyoandikwa ni ya kweli, na kwamba uongo wowote utakaogundulika unaweza kumwondoa mtu kazini, kisha nafasi ya saini. Watu wengi hulipita tamko hilo bila kulisoma, kumbe ndilo linaloipa fomu meno. Jibu la ovyo kwenye kisanduku cha pili halina uzito mpaka mtu aweke saini yake chini.

Mambo yalivyokwenda

Rasimu ya kwanza Bi. M. aliiandika peke yake, kwa kalamu, na ilizidi kurasa mbili. Nimeisoma. Ni barua nzuri, ila si ya mwajiri. Kwenye kisanduku cha nne anaanza na usiku mama alipoanguka msalani, anapita hospitali ya Bombo, anafika kwenye mazoezi ya viungo na gharama zake. Kwenye cha kwanza anaeleza mume alivyoondoka. Kwenye cha tatu anasimulia kikoba chote, na majina ya wagomvi wawili ameyataja. Alipomaliza, anasema, alijisikia mwepesi. Ingekuwa mimi niliyeletewa fomu ile, ningemhurumia, na ningeiweka fungu la kuachwa, kwa sababu ningeona mtu ambaye kila wiki atakuja kuomba ruhusa.

Kaka yake aliposoma alichana karatasi moja. Ushauri wake ulikuwa mfupi: kila kisanduku cha binafsi andika "Hakuna" au "Hapana", ugonjwa wa mama usiutaje, na kazi ya mwisho sema mkataba uliisha. Wengi mtaani wangemuunga mkono. Bi. M. alikataa la mkataba, maana cheti chake cha utumishi, ambacho mwajiri anatakiwa kisheria kumpa mfanyakazi anayeondoka, kilionyesha wazi kwamba aliacha mwenyewe. Mengine alikubali.

Akaenda steshenari kuchapa. Kijana wa pale, kwa nia njema kabisa, alimfungulia faili analomfungulia kila mteja: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mcheshi na ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Rasimu ya pili basi ikawa na "Hakuna" tatu na sentensi moja ya kuazima.

Kilichomrudisha nyuma ni jirani yake, karani wa mahakama. Bi. M. alipomwonyesha kisanduku cha tatu, jirani alimuuliza: "Kwani wewe ulikamatwa, ulishtakiwa, au ulitiwa hatiani? Maana hayo ni mambo matatu." Bi. M. akaona kwamba hakuna hata moja lililompata. Aliitwa kutoa maelezo tu. Lakini akaona pia kwamba "Hapana" tupu ingemgeuka siku mtu wa kikoba akikutana na mtu wa kampuni, na mji wetu haukosi mikutano hiyo. Ukitaja barabara yako ya Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba, mwenzio anakutajia shangazi yako.

Alifanya jambo jingine ambalo wachache hulifanya: alipiga simu kampuni kuuliza kisanduku cha pili kinataka nini. Dada wa mapokezi alimwambia, "Andika tu chochote, dada yangu, wao wanasoma vyeti." Hakuuliza zaidi. Akakaa, akaandika upya.

Majibu yaliyopelekwa

Kisanduku cha kwanza: "Nina familia. Naweza kufanya kazi kwa zamu, zikiwemo za usiku na za mwisho wa wiki."

Hili ndilo jibu ninalolipenda kuliko yote. Hakusema uongo na hakumwaga mambo ya ndoa. Alijiuliza mwenye ghala anataka nini kwenye familia ya mtu, akapata: atafika kazini? Akajibu hilo.

Kisanduku cha pili: "Hakuna jambo linaloweza kunizuia kutimiza majukumu ya nafasi hii." Tutakirudia.

Kisanduku cha tatu: "Sijawahi kushtakiwa wala kutiwa hatiani na mahakama yoyote." Alisita hapo. Kaka yake alimwambia sentensi hiyo inanukia, kwamba msomaji atajiuliza "kwa nini asiseme hapana tu". Hoja hiyo ina uzito. Lakini swali lenyewe halina mipaka: "matatizo" ni nini, na "mamlaka" ni ipi, polisi, kodi, mtendaji wa kata? Aliweka mpaka ambao mtu yeyote anaweza kuupima, akasimama ndani yake. Na alijiandaa kwa sentensi mbili za kikoba kama angeulizwa zaidi.

Kisanduku cha nne: "Niliacha kwa hiari, kwa taarifa ya maandishi, ili kumuuguza mzazi. Sasa yupo ndugu anayekaa naye muda wote. Katika kipindi hicho nilitunza leja ya duka la familia." Cheti cha utumishi kiliambatanishwa.

Kisanduku cha tano alifuta ya steshenari, akaandika: "Nahesabu mzigo kabla ya kusaini, hata dereva akiwa na haraka. Nikikuta pungufu naiandika kwenye dilivari noti palepale, mbele yake." Hakuna sifa hata moja humo. Kuna mtu anayeonekana akifanya kazi.

Usaili

Aliitwa. Mezani walikuwa watatu: meneja, mama wa uhasibu, na mzee msimamizi wa ghala. Mzee ndiye aliyeanza, na alianzia kisanduku cha tano.

"Umesema unahesabu. Lori limeleta mifuko mia sita ya saruji, mingine imepasuka, dereva anataka kuondoka jua halijazama, meneja hayupo. Unafanyaje?"

Bi. M. alimjibu kwamba iliyopasuka anaitenga na kuihesabu peke yake, mizima peke yake, namba zote mbili zinaandikwa kwenye dilivari noti, dereva anasaini, yeye anasaini, na anapiga picha kwa simu. "Sisaini mia sita nikiwa nimeona mizima mia tano themanini." Mzee akamuuliza kama dereva akikataa kusaini je. "Naandika amekataa, natafuta shahidi, naweka jina la shahidi." Hayo yalichukua sehemu kubwa ya usaili, na yote yametoka kwenye mistari miwili ya fomu.

Baadaye mzee huyohuyo akageukia nyumbani. "Zamu zetu nyingine zinaingia usiku. Mumeo anasemaje?"

"Nyumbani nimeshajipanga, mzee wangu. Zamu ya usiku kwenu inaanza saa ngapi?"

"Saa mbili." Wakaendelea na habari ya usafiri wa kurudi. Ameniambia alilisema hilo kwa sauti ileile ya kumwamkia, bila kukaza uso. Naamini, kwa sababu maneno hayohayo yakisemwa kwa ukali mzee angejisikia ameambiwa afunge mdomo.

Kikwazo kilitoka kwa meneja. Alifunua ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye kisanduku cha pili.

"Hapa umeandika hakuna jambo. Una ndugu yeyote anayefanya biashara na sisi?"

"Ninaye. Mume wa dada yangu ana Fuso mbili, huwa anachukua mzigo hapa."

"Mbona hukuandika?"

"Nilisoma 'jambo lolote katika maisha yako', nikadhani mnauliza ugonjwa au mambo ya nyumbani. Mngeuliza ndugu anayefanya biashara na kampuni, ningemwandika wa kwanza."

Mama wa uhasibu akacheka. Alisema hata yeye alipojaza kisanduku hicho hakukielewa, aliandika kwamba ana presha.

Ikajulikana hapo swali lilivyozaliwa. Siku za nyuma mpokea mzigo mmoja alikuwa akisaini dilivari noti za lori la ndugu yake, na mzigo ukawa unapungua. Meneja akaona lazima fomu iulize habari za ndugu. Lakini kumwuliza mtu wa pwani waziwazi "una ndugu anayetuletea mzigo?" aliona ni kama kumwita mwizi kabla hajaingia mlangoni. Akalizungusha swali kwa adabu, likazunguka mpaka likapotea.

Matokeo

Alipata kazi, ila si ile aliyoiomba. Walimweka kwenye meza ya makaratasi ya mzigo, mahali ambapo hasaini mapokezi ya lori lolote, kwa mshahara wa chini kidogo kuliko wa nafasi iliyotangazwa. Kabla ya kuanza alitakiwa kuandika tamko la uhusiano wake na shemeji, na hilo likachelewesha barua ya ajira.

Barua ilichelewa pia kwa jambo la pili. Kampuni ilimpigia mdhamini wake mmoja, bosi wa zamani, kuuliza kwa nini aliondoka. Bosi akajibu kwamba anavyokumbuka ni "mambo ya ndoa". Bi. M. alikuwa ameandika kumuuguza mzazi. Yote mawili yalitokea kipindi kimoja, na bosi alishika lile lililosemwa zaidi ofisini. Cheti cha utumishi kilichosema tu "ameacha kwa hiari" hakikumwokoa wala kumwangusha. Ilibidi aeleze tena kwa simu.

Shemeji naye alinuna. Baada ya tamko kuandikwa, mzigo wake ulianza kuhesabiwa na watu wawili. Hajawahi kutuhumiwa kwa lolote, lakini anaona Bi. M. amemchongea. Dada mtu amekaa katikati.

Uchambuzi

Nianze na lililofanya kazi zaidi. Kisanduku cha kwanza, cha nne na cha tano Bi. M. alivijibu kwa kuuliza kazi inataka nini, na kila jibu liliishia kwenye ghala. Swali la binafsi lisilo na mipaka linamshawishi mtu kufanya moja kati ya mawili: kuungama au kujificha. Rasimu ya kwanza iliungama, ya pili ilijificha. Ya tatu ilisema ukweli wa ukubwa unaomhusu mwajiri. Kumuuguza mzazi kunamhusu, kwa sababu kuna pengo la miaka miwili kwenye karatasi na lazima alielewe. Usiku mama alipoanguka haumhusu.

Watu huniuliza kama maswali ya ndoa na familia yanaruhusiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, na humo mmo hali ya ndoa, majukumu ya kifamilia, ujauzito, ulemavu, dini, kabila, umri na hali ya VVU. Kifungu hicho kinamhesabu mwombaji kazi kama mfanyakazi, kwa hiyo ulinzi unaanza kabla hujaajiriwa. Mwajiri ameachiwa nafasi ya kutofautisha watu kwa sifa ambazo kazi yenyewe haiwezekani bila hizo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa zako awe na lengo halali na akujulishe lengo hilo. Kwa sheria hiyo, "jambo lolote katika maisha yako" ni swali lenye miguu dhaifu sana.

Lakini mimi simshauri mtu aingie usaili na kifungu mkononi. Sheria inakufaa ukishakataliwa kwa sababu ya mume au mimba na una la kuonyesha. Pale mezani, "zamu yenu inaanza saa ngapi" inafanya kazi ambayo kifungu hakiwezi. Mzee wa ghala hakuwa akipanga kumbagua mtu. Alikuwa na hofu ya zamu ya usiku, na hofu hiyo ilijibiwa. Taarifa za mwenzi na watoto zina wakati wake: mtu akishaajiriwa, kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii, bima na jina la wa kupigiwa simu akipata ajali.

Kisanduku cha tatu nakipa alama za wastani. Sentensi ni ya kweli na ina mpaka, na kwa mtu aliyewahi kuitwa polisi ni salama kuliko "Hapana". Kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga kituo kwa lolote, "Hapana" inatosha na ndiyo bora. Kumwandikia yeye maneno ya mahakama ni kumtilia shaka bure. Nawaona vijana wananakili jibu la mwenzao kwa sababu linasikika la kitaalamu. Jibu hilo lilishonwa kwa mwili wa mtu mmoja.

La wadhamini ni dogo kutengeneza na kubwa likiharibika. Mdhamini lazima aelezwe umeandika nini, hasa sababu ya kuondoka. Kumweleza hakuna maana ya kumfundisha uongo. Ni kumkumbusha mtu mwenye mambo mengi jambo ambalo kwake lilikuwa dogo. Bi. M. aliomba ruhusa ya kutumia jina la bosi wake, akaishia hapo.

Sasa kisanduku cha pili. Kosa la swali ni la kampuni, hilo halina mjadala. Waliogopa kutaja wanachokiogopa, wakapata majibu ya presha. Hata hivyo tazama Bi. M. alivyoielewa maana ya "binafsi". Kwake binafsi ni mwili, ndoa, mama, polisi, yaani mambo yenye aibu au huzuni. Alikagua humo mote, na hakuona pa kumweka shemeji, kwa sababu shemeji hana aibu wala huzuni, ni mtu wa Fuso. Nimewaona waombaji wengi wakipekua mambo ya uchungu kwa saa nzima huku jambo moja ambalo mwajiri angelitaka kweli, la ndugu, la biashara ya pembeni, la deni kwa kampuni hiyohiyo, limekaa mezani kavu kabisa, halijagusiwa. Kwenye kazi inayoshika mzigo au fedha, swali la "jambo lolote" mara nyingi linanusa maslahi. Kwenye kazi ya kubeba au kupanda juu linanusa afya. Kwenye kazi ya watoto linanusa tabia. Ukijua kazi, unaweza kukisia swali lilikotoka hata kama aliyeliandika hakusema.

Simu aliyopiga ilikuwa hatua nzuri iliyoishia kwa mtu asiyehusika. Mapokezi hawajui fomu ilitungwaje. Angeuliza, "Naomba kuongea na anayepitia fomu", huenda angeambiwa, huenda asingeambiwa. Mtu mwingine wa kumuuliza alikuwa karibu zaidi: huyohuyo shemeji, anayeingia ghala lile kila mara na anayejua nani alifukuzwa na kwa nini. Habari ya mpokea mzigo na lori la ndugu yake madereva wote walikuwa nayo.

Tunapotofautiana

Aliponiuliza mimi ningeandika nini kwenye kisanduku hicho, niliandika hivi:

"Sina hali inayonizuia kutimiza majukumu ya nafasi hii. Shemeji yangu ana magari ya mizigo na huchukua mzigo kwenu. Niko tayari kupangiwa kazi isiyogusa mzigo wake. Kama kuna jambo mahususi mnalotaka kulifahamu, nitalijibu."

Bi. M. alitikisa kichwa. Anasema fomu hupitiwa kwanza na kijana wa ofisi, ambaye akiona "shemeji" na "mzigo" kwenye mstari mmoja anaichomoa, na meneja haioni kamwe. Bora lile lililotokea: akaitwa, akaonekana anavyojua kazi, ndipo shemeji akatajwa. Namwambia aliulizwa kwa bahati. Angeweza kuajiriwa pasipo mtu kuuliza, akapokea lori la shemeji wiki ya kwanza, na siku jina likijulikana meneja akaitoa fomu na kumwonyesha saini yake. Hilo halikatai. Ila anashikilia kwamba mimi naongea kama mtu aliyekaa upande wa kusoma, na yeye anaongea kama mtu aliyekaa nyumbani miaka miwili akisubiri simu.

Juzi amemjazia binamu yake fomu ya kampuni nyingine, na kisanduku cha namna ileile kimo. Wametumia sentensi yangu ya kwanza na ya mwisho. Za katikati hawakuzihitaji. Binamu hana ndugu mwenye lori.